Ushauri: mgeni wa heshima azungumze kabla au baada ya shindano?

Katibu_Kisumu: Salamu wadau. Jumamosi ijayo tuna shindano la kuandika programu za kompyuta la vyuo vya Magharibi na Nyanza, hapa Kisumu. Timu 18, kila timu watu 3 na kompyuta 1, saa 5 mfululizo kama ICPC, yale mashindano ya dunia ya programu ya vyuo vikuu. Tuna mgeni kutoka Nairobi. Swali langu ni dogo tu: azungumze asubuhi au jioni kabla ya zawadi? Sijalala siku mbili.

Mama_Pendo: Asubuhi. Jioni watu wana njaa. Harusi ya dada yangu kule Mumias, mhubiri alipewa kipaza sauti kabla ya chakula. Wali ulipoa, na shemeji hajanisamehe hadi leo.

Fundi_Lolwe: Hakuna anayekosa usingizi kwa swali kama hilo. Sema yote.

Katibu_Kisumu: Basi, mgeni anafika saa tano asubuhi, anarudi na ndege ya saa nane. Sisi tunaanza saa tatu.

Fundi_Lolwe: Yaani anatua watu wakiwa katikati? Nani alipanga hivyo?

Katibu_Kisumu: Nilimwandikia "shindano ni saa tano". Nilimaanisha muda.

Mwalimu_Maseno: 😂 Ungeandika "masaa matano" tungekukemea sisi wa sarufi, lakini mgeni angeelewa.

Mama_Pendo: Mwambie abadilishe tikiti.

Katibu_Kisumu: Tikiti nilinunua mimi, hairudishwi. Nimeona tusimamishe shindano nusu saa tu, wasikilize, waendelee. Si vibaya.

Fundi_Lolwe: Ni vibaya sana. Nusu saa hiyo watu wanapiga hesabu kichwani, wengine wanakutana chooni. Na kwa kanuni za ICPC, kila jibu lililokosewa linaongeza dakika 20 kwenye muda wa timu, ikiwa swali hilo hilo italipata baadaye. Timu zinapishana kwa dakika chache, nawe unaleta hotuba! Mpe mgeni walimu wa timu. Hao hawaruhusiwi ukumbini, watakaa tu nje wakinywa soda.

Katibu_Kisumu: Bango limeshachapishwa: "atazungumza na wanafunzi".

Mwalimu_Maseno: Pesa ya tikiti ilitoka fungu gani?

Katibu_Kisumu: La jenereta. Lakini stima haijapotea wiki nzima.

Mama_Pendo: Uwii! Kijana, wazazi wako wako hai? Pesa ya watu ni moto.

Nyundo_ya_Ahero: Hekaya za Abunuwasi hizi. Mwezi jana wewe huyu huyu ulikuwa unauza mashine ya kuangua vifaranga. Leo ni katibu wa programu?

Katibu_Kisumu: Mtu hawezi kuwa na kuku na kompyuta? Naiuza kwa sababu stima ilipotea usiku kucha, mayai 60 yakaharibika.

Nyundo_ya_Ahero: Na bado ukala hela ya jenereta.

Katibu_Kisumu: Sikula! Baluni ninazo hapa kitandani, nilinunua Kibuye. Kila swali rangi yake, timu ikilipata inafungiwa moja kwenye meza. Maswali 10, rangi 9. Nyeupe na maziwa zikishajazwa upepo huwezi kuzitofautisha, nimejaribu hadi saa sita usiku.

Fundi_Lolwe: Hiyo haibuniwi. Moja iandike namba kwa kalamu ya wino mzito.

Nyundo_ya_Ahero: Haya. Ile mashine bado ipo?

Katibu_Kisumu: Ipo. Kwa nini?

Nyundo_ya_Ahero: Nina jenereta. Jumamosi nzima, mafuta juu yako.

Katibu_Kisumu: Njoo saa moja asubuhi. Saa MOJA ya saa, si muda wa saa moja.