Ukoo wa Mzee Mbwana: sare za harusi

08:12 Da Hawa: Asalaam aleikum ukoo. Zimebaki siku 16. Fundi hajapata vipimo vya Wifi Pili, Zubeda na Tatu. Leo mwisho!!

08:40 Wifi Pili: Si nilimpa Salma jana

08:41 Da Hawa: Salma ndiye fundi?

11:05 Da Hawa: Jingine, na msikae kimya kama kawaida yenu. Nimeongea na mtu wa mambo ya India. Mdogo wetu Tatu anaweza kurudishiwa titi lililokatwa kwa kansa. Wanachukua nyama ya tumbo wanajengea kifuani, huwezi kujua. Kila mtu laki moja ya kuanzia, ije kwangu.

11:20 Anko Shaabani: Nyama ya tumbo? Mie ninayo ya wanawake watatu. Niandikeni 😂

11:22 Salma: Inatoka kwa mwenyewe anko. Na si kazi ndogo, ni masaa mezani, unaamka na vidonda viwili, cha tumbo na cha kifua

11:25 Da Hawa: Usitishe watu. Kuna na ya silikoni

11:27 Salma: Silikoni na ngozi iliyopigwa mionzi hazipatani sana mamkubwa. Nasema tu

11:30 Jumaa: Laki kwa mkupuo? Hesabu ya lile turubai la Pongwe hatujaiona mpaka leo

11:31 Da Hawa: JUMAA. Turubai nililipa mfukoni mwangu!!

11:31 Jumaa: Mwenye turubai alisema vingine

11:34 Wifi Pili: Jamani, bibi harusi yumo humu

11:50 Anko Shaabani: Kwani siku hiyo pilau au biriani?

13:15 Da Hawa: Zubeda 100,000. Wifi Pili 50,000. Wengine mnasoma tu, tiki za bluu naziona.

14:02 Tatu: Da Hawa shikamoo. Nimetoka sokoni nakuta titi langu linachangiwa

14:03 Da Hawa: Marahaba mdogo wangu. Ilikuwa sapraizi

14:09 Tatu: Sitaki. Daktari aliniuliza kabla ya kunikata, akaniuliza tena baada ya mionzi, jibu ni lile lile. Mkono wa kushoto ulikaa miezi minne haufiki kwenye kamba ya nguo. Leo unafika. Sirudi mezani ili blauzi ijae

14:11 Da Hawa: Basi hata ile ya sponji ya kuweka kwenye sidiria, siku hiyo tu. Upande wa bwana watasemaje

14:14 Tatu: Ile ya sponji? Hukuwepo kwenye Maulidi wewe. Tumeinuka kwenye kiamu, ikapanda mpaka shingoni

14:15 Zubeda: 😂😂 Mie nilidhani umeota rovu

14:17 Salma: Thika huko Kenya kuna kina mama wanafuma za uzi, nyepesi. Kama utataka mamdogo

14:18 Da Hawa: Na shemeji je? Mwanamume ni mwanamume

14:26 Tatu: Shemeji yako ndiye aliyekuwa akimwaga ile chupa ya maji ya kidonda. Asubuhi na jioni anapima mililita, anaandika kwenye daftari la madeni la dukani. Ukurasa upo, chini ya deni la sukari la anko Shaabani

14:27 Anko Shaabani: Nalipa Ijumaa inshallah

16:40 Mwanaidi: Bibi Mkubwa katuma sauti, kasema niandike kwa wasiofungua: "Hawa, ulimuuliza mwenyewe? Mama yangu mdogo Mwanakombo alificha kivimbe miaka miwili kwa kuogopa kukatwa. Kikatoboka. Tukawa tunafukiza ubani ndiyo watu waingie chumbani. Tulimzika na matiti yake yote mawili. Tatu nimemuona juzi anakuna nazi."

17:25 Da Hawa: Sawa Bibi.

17:26 Da Hawa: Waliotuma nitawarudishia, ila ya kutolea ni juu yenu

17:30 Jumaa: Kama ya turubai

17:41 Wifi Pili: Yangu mpe Tatu, nauli ya kliniki

17:52 Tatu: Asante wifi, tutaongea. Kipimo: kifua 38, kushoto bapa. Apunguze kitambaa, asiweke sponji

18:10 Da Hawa: Fundi anasema akishona bapa gauni litavutika upande. Uje akupime kesho

18:12 Tatu: Kesho niko dukani. Jumamosi

18:13 Da Hawa: Jumamosi hayupo

21:48 Ba Mdogo Omari: Waaleikum salaam. Nimetuma 20,000. Hii ni ya sare au ya India?