Learjet 35A ya mwaka 1981: tuinunue au tuiache?

Kipanga

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Mwajiri wangu husafiri kwa ndege kati ya saa 120 na 150 kwa mwaka, akiwa na abiria wanne au watano, na safari zake nyingi huchukua saa mbili hivi. Ameletewa Learjet 35A iliyotengenezwa mwaka 1981, yenye rangi mpya na viti vipya vya ngozi, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya jeti mpya ya daraja hilo. Yeye ameshaipenda. Mimi, ambaye ndiye nitakayeirusha, naukubali mvuto wake, lakini nasita. Sihoji kama ndege yenye umri wa zaidi ya miaka 40 inaweza kuruka salama, maana ikitunzwa inaweza. Ninachotaka kujua ni wapi hasa unafuu huo wa bei hugeuka kuwa deni, na ni mmiliki wa aina gani ambaye kwake unabaki kuwa unafuu.

Fundi Bawa

Kapteni, rangi na viti ndivyo vitu vya mwisho ninavyovitazama, na mara nyingine ndivyo vinavyonitia shaka, kwa kuwa rangi mpya hufunika kutu vizuri sana. Anza na injini. Hizo TFE731-2 ni injini imara zisizo na makuu, ila zina kaguzi mbili kubwa zisizokwepeka: ule unaoitwa MPI, yaani ukaguzi mkubwa wa vipindi, ambao hufanyika kila baada ya saa 1,400 au 2,100 kutegemea maboresho yaliyokwishafanywa, na ule wa CZI, unaofungua kiini cha injini kila baada ya saa 4,200. Injini zote mbili zikikaribia CZI kwa wakati mmoja, gharama ya kazi hiyo inaweza kuipita bei mnayotajiwa kwa ndege nzima. Ndiyo maana huwaambia wanunuzi kwamba katika jeti ya umri huu wananunua saa zilizobaki kwenye injini, na bodi wanapewa kama nyongeza. Kama muuzaji anadai injini ziko kwenye mpango wa kulipia matengenezo kwa kila saa ya kuruka, dai barua inayothibitisha kwamba malipo hayajakatika.

Baada ya injini, tazama kalenda. Kuna ukaguzi wa miaka 12 unaoifumua ndege kwelikweli, na mmiliki anayejua kwamba umekaribia huwa na haraka ya kuuza. Kuhusu uchovu wa metali, watu hupenda kutaja ile Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyobanduka paa angani mwaka 1988, lakini ile ilikuwa imekwisharuka mara 89,680, tena katika hewa ya chumvi ya visiwani. Jeti binafsi huwa mbali sana na idadi hiyo. Adui wake mkubwa ni kukaa bure: mipira ya kuzuia mivujo hukauka, maji hujikusanya chini ya sakafu, na kutu hupata nafasi ya kufanya kazi bila kusumbuliwa. Ndege iliyoruka saa 300 kila mwaka hunipa amani kuliko iliyofunikwa turubai hangani kwa miaka minne.

Mwisho ni karatasi. Diski ya injini, yaani gurudumu linaloshikilia mapanga yake, ina kikomo cha idadi ya safari, na diski ambayo historia yake haijulikani huhesabiwa kuwa imekwisha, hata kama inang'aa. Kurasa zikikosekana katika kumbukumbu za matengenezo, ondoka.

Mzee wa Anga

Niliirusha aina hiyo kwa miaka kadhaa, na nikiri mapema kwamba naipenda, hivyo mnipunguzie uzito kidogo. Hupanda kama iliyofukuzwa, imeidhinishwa kufika futi 45,000, na kwa safari za saa mbili hakuna abiria atakayelalamikia mwendo. Atalalamikia dari, kwani kabini ina urefu wa mita 1.3 hivi kwenda juu, na mtu mzima huingia ameinama na kutoka ameinama.

Jambo ambalo Fundi hakuligusa ni vyombo. Kati ya futi 29,000 na 41,000 ndege hutenganishwa kwa futi 1,000 badala ya 2,000 za zamani, na ndege isiyo na idhini ya RVSM, yaani ya kuruka katika utengano huo mdogo, kwa kawaida hubaki chini ya hapo. Jeti inayolazimishwa kubaki chini hunywa mafuta kupita kiasi, na umbali uliouona kwenye kitabu hautaupata. Vilevile anga ya Marekani imedai ADS-B, kifaa kinachotangaza mahali ndege ilipo, tangu Januari 2020, na Ulaya ilifuata mwezi Desemba mwaka huohuo, ingawa iliziacha ndege za kabla ya Juni 1995. Kama vifaa hivyo havimo, gharama ya kuvifunga iingie kwenye bei leo, kabla hamjasaini chochote. Mnahitaji pia marubani wawili, na vituo vyenye mashine za kuigiza urukaji wa aina hii vinapungua, huku kampuni za bima zikizidi kutaka mafunzo hayo kila mwaka.

Nyongeza ndogo: mtu akijaribu kuwauzia Learjet ya mfululizo wa 20 kwa bei ya chini zaidi, msijaribiwe. Injini zake za CJ610 zina kelele, na zisipofungwa vifaa vya kuipunguza, ndege hiyo imepigwa marufuku katika majimbo 48 yanayopakana ya Marekani tangu mwisho wa mwaka 2015.

Daftari

Mimi si rubani, natunza hesabu za ndege za watu. Kwa saa 150 kwa mwaka, jeti ya zamani mara nyingi hushinda, kwa sababu thamani imekwisha kuporomoka mikononi mwa wengine na mtaji wenu haulali hangani. Mkifika saa 350, mafuta na siku za kukaa gereji hubadilisha jibu. Hata hivyo tengeni fungu la kukodi ndege nyingine, kwani kusubiri kipuri wiki tatu ni jambo la kawaida, na mwajiri wako hatakubali kuelezwa habari za vali. Muwe tayari pia kwamba hamtaiuza tena kwa maana ya kuuza. Huenda ikaondoka kama vipuri.

Kipanga

Nawashukuru wote. Jana nilipewa nakala za kumbukumbu, na majibu yenu yamezifanya zisomeke. Injini ya kulia imebakiza saa 1,900 kabla ya CZI, lakini ya kushoto imebakiza 310, yaani miaka miwili ya matumizi yetu. ADS-B na RVSM vimo. Ukaguzi wa miaka 12 unafika baada ya miezi 14, jambo ambalo muuzaji hakulitaja hata mara moja. Nimemwandikia mwajiri kwamba gharama ya kaguzi hizo mbili ikatwe kwenye bei, na kwamba ndege ichunguzwe katika karakana tutakayoichagua sisi, sakafu ikiwa imeondolewa. Muuzaji amekubali la kwanza upesi. Kuhusu sakafu bado anafikiri.

Fundi Bawa

Anza na sakafu iliyo chini ya choo, Kapteni. Akikataa hiyo, amekwisha kukujibu.