Dawa ya mionzi inayoufuata uvimbe: Hospitali ya Bugando, Mwanza, ijiandae sasa au isubiri?

Wadau wa Kanda ya Ziwa, mada mezani. Kuna dawa ya saratani iitwayo Lutathera, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2018. Ni peptaidi, yaani kipande kidogo cha protini kilichoundwa kufanana na homoni ya somatostatini, kikabebeshwa lutetiamu-177 yenye mionzi. Uvimbe wa nyuroendokrini, yaani unaoota kwenye seli zinazotoa homoni, mara nyingi umejaa vipokezi (vinasio vya juu ya seli) vya homoni hiyo, basi dawa ikiingia mshipani inanasa palepale, na mionzi yake haivuki milimita 2 hivi. Mgonjwa hupewa dozi 4, moja kila wiki 8.

Msimamo wangu: Bugando ianze kujiandaa. Wanaosema Mwanza ni mbali, dawa itaisha nguvu njiani, sikubaliani nao. Lutetiamu hupungua nusu kwa siku zaidi ya 6, na Afrika Kusini wanaitengeneza. Minofu ya sangara inatoka hapa mpaka Ulaya haijaharibika, itakuwa kichupa?

*Mchangiaji, Sengerema:*
Kaka, umbali sawa. Bei je? Dozi moja ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 47,500. Zidisha kwa 4. Tena uvimbe wenyewe ni nadra. Huku mama zetu wanaondoka kwa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ina chanjo, na dalili zake za awali zinaonekana kwa kipimo cha siki tu! Mtu nauli ya kivuko inamshinda, wewe unamletea lutetiamu?

*Mtoa mada:*
Dada yangu, kwenye chanjo na kipimo cha siki sikupingi hata kidogo, hivyo vitangulie. Lakini baba yangu mdogo saratani ya tezi dume iligundulika imeshaingia mifupani, na tezi dume si nadra. Dawa ya jamii hiyohiyo, Pluvicto, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa baadhi ya wagonjwa wa aina yake. Wataalamu ni walewale, na choo maalumu ni kilekile, maana mionzi hutoka na mkojo.

Bei imenigusa, nikarudi kufikiri. Dawa hizi hapewi mtu mpaka picha ionyeshe kwamba kile ambacho dawa inakinasa kipo kwenye uvimbe. Picha hiyo mara nyingi hupigwa kwa galiamu-68, nayo ina mionzi, ambayo hupungua nusu kila dakika 68. Hiyo haingoji ndege. Inakamuliwa hospitalini penyewe, kwenye kifaa kidogo chenye germaniamu-68, ambayo ndiyo huzaa galiamu hiyo. Kwa hiyo nabadilisha ombi langu: kabla ya dawa, tudai kifaa hicho na kamera yake. Walio na hoja dhidi ya hilo, karibuni.