Daladala za barabara ya Pangani, Tanga: ruti imekatwa nusu, nauli tunalipa mara mbili

Ndugu zangu wakazi wa Jiji la Tanga, hasa ninyi mnaokaa upande wa barabara ya Pangani, kuanzia Mwahako hadi Tongoni, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa nimeghadhibika, na sioni sababu ya kuificha ghadhabu hiyo, kwa kuwa jambo lenyewe tumelivumilia muda mrefu mno, na uvumilivu wetu umechukuliwa kuwa ni ridhaa.

Daladala zilizokuwa zikitutoa huku kwetu na kutufikisha Ngamiani, kisha zikaendelea kuelekea upande wa Hospitali ya Bombo, sasa zinaishia kwenye kituo cha muda kilichowekwa njiani, mahali pasipo na kibanda wala taa. Hapo abiria wote hushushwa na kutafuta gari jingine la kuwaingiza mjini. Hakuna tangazo lililobandikwa kituoni kabla ya mabadiliko hayo, wala hakuna kikao cha mtaa kilichoitishwa ili tuulizwe. Habari tulipewa na konda, tena gari likiwa limeshasimama: "Mwisho hapa, shukeni." Tulipouliza, tukaambiwa kwamba ni kupisha ujenzi wa barabara. Mitambo imekwisha kuondoka kwenye kipande kile, malori na magari binafsi yanapita bila kizuizi, lakini daladala hazijarudi zilikokuwa, na hakuna anayetaka kusema zitarudi lini.

Barabara yenyewe hatuna ugomvi nayo. Kipande cha Tanga hadi Pangani, chenye urefu wa kilomita 50, ni sehemu ya barabara ya kilomita 256 inayotoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi hapa kwetu, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, na kila mkaazi wa ukanda huu anajua faida itakayopatikana nayo. Tumekula vumbi la ujenzi wakati wa kiangazi na tumekanyaga matope yake wakati wa masika bila kulalamika. Ninachokikataa ni kuona ujenzi, ambao ni sababu ya muda, ukitumiwa kuhalalisha mpangilio wa kudumu ambao unawanufaisha wachache na kuwaumiza maelfu.

Tazameni nauli. Nauli za daladala zilipandishwa mwezi Desemba 2023, na tuliipokea hali hiyo kwa kuwa tuliambiwa gharama za uendeshaji zimepanda. Lakini nauli hupangwa kwa umbali, na ina kiwango chake cha chini ambacho abiria hulipa hata akipanda kwa vituo viwili tu. Kwa hiyo safari ile ile moja ikikatwa katikati, abiria hulipa kiwango cha chini mara mbili kwa umbali ule ule aliokuwa akilipia mara moja. Hakuna mamlaka iliyotangaza kwamba nauli ya upande wetu imepandishwa tena, ila kwa vitendo imepandishwa karibu mara dufu, na mwenye kulipa ni muuza samaki, fundi cherehani, mlinzi wa usiku na mama mwenye mtoto wa kliniki. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, lakini naye sasa anazitoa mara mbili akienda na mara mbili akirudi, na mzazi mwenye watoto watatu shuleni hahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Kuchelewa nako kumekuwa kukubwa kuliko ilivyokuwa hata siku mitambo ilipokuwa barabarani. Asubuhi gari la kwanza hupakia mpaka lijae, na likijaa halichukui tena watu wa vituo vya mbele, ambao hubaki wakilitazama likipita. Ukifika kwenye kile kituo cha muda unaanza upya: gari la pili nalo linasubiri lijae, mpiga debe anaita, dereva anasogeza gari hatua mbili mbele na kulirudisha ili abiria waamini kwamba safari imeiva. Aliyelipanda mapema ndiye anayekaa humo muda mrefu zaidi kwenye joto. Mtu anayetakiwa kuingia kazini saa moja na nusu hulazimika kutoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, na bado hana uhakika wa kuwahi.

Wengi wetu tunawalaumu madereva na makonda, na nami huwalaumu, kwa sababu lugha wanayotumia kwa watu wazima ni ya aibu. Lakini tukiishia kwao tutakuwa tumeuacha mzizi. Mwenye gari anamkabidhi dereva gari asubuhi na kumtajia hesabu anayoitaka jioni, na kiasi hicho hakipungui kwa sababu ya mvua, foleni wala ubovu wa barabara. Dereva anaweka mafuta kwa fedha ya siku hiyo hiyo. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho anachogawana na konda, na siku kisipobaki kitu wote wawili wanarudi kwao mikono mitupu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, ilhali nauli hukaa pale pale kwa miaka, kwa hiyo kila mafuta yanapopanda pengo linazibwa kwenye fungu la dereva, kwa kuwa hesabu ya tajiri haiguswi. Mtu anayefanya kazi kwa mtindo huo hataondoka kituoni na viti vitupu hata umtukane, na hatakwenda hadi mwisho wa ruti kumfuata abiria mmoja ilhali anajua kwamba atarudi mtupu. Ruti fupi yenye abiria wengi inamlipa kuliko ruti ndefu. Ndiyo maana nasema kwamba kituo cha muda kimewafaa wao na matajiri wao, na ndiyo maana hawana haraka ya kukiacha.

Kueleza sababu si kutoa udhuru. Leseni ya usafirishaji hutolewa kwa njia maalumu, yenye mwanzo na mwisho, na mwenye leseni hana mamlaka ya kuifupisha kwa kuwa jioni imeingia au kwa kuwa amechoka. Kukatisha ruti ni kosa, na kila dereva analijua hilo, kwani anapomwona askari mbele hukumbuka ghafla njia yake yote. Jioni baada ya magharibi ndipo hali huwa mbaya zaidi. Gari linakuchukua mjini kwa nauli ya hadi mwisho, linafika katikati ya njia, konda anahesabu vichwa vilivyobaki, kisha anatangaza kwamba gari linageuza. Anayedai kurudishiwa sehemu ya nauli yake hutukanwa. Nimeshuhudia bibi mmoja, mzee wa makamo ya mama yangu, akishushwa gizani na kapu lake la vyakula, na kijana aliyemshusha hakumpa hata pole. Kutoka hapo ni bodaboda, kwa bei atakayoitaka mwenye pikipiki, na kwa mwanamke aliye peke yake usiku suala si bei tu.

Wanafunzi ndio wanaoonewa waziwazi. Asubuhi konda husimama mlangoni na kusema "wanafunzi wawili tu", na wale wengine wanazuiwa kwa mkono ilhali viti vipo, kwa sababu kiti cha mwanafunzi humwingizia pungufu ya nusu ya kile anacholipa mtu mzima. Mtoto anafika shuleni saa tatu, anaadhibiwa kwa kuchelewa, na mwalimu naye hana kosa maana hajui yaliyotokea kituoni. Mkubwa anayeliona jambo hili kila siku na kukaa kimya kwenye kiti chake ajiulize kama hana sehemu yake katika dhuluma hiyo.

Nasikia wapo wanaojibu kwamba Tanga ni mji wa baiskeli na kwamba haya ni malalamiko ya watu wa Dar es Salaam. Baiskeli tunazipenda, na ni fahari ya mji huu kwamba mtu mzima anaweza kwenda nayo sokoni bila kudharauliwa. Lakini hoja hiyo iliwafaa watu wa wakati ambapo mji uliishia kwenye barabara za namba za Ngamiani na nyumba za Chumbageni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban 273,000 katika Jiji la Tanga, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu takriban 393,000. Watu hao 120,000 walioongezeka hawakujengewa nyumba katikati ya Ngamiani. Wamekwenda kununua viwanja Mwahako, Pongwe, Kange na kwingineko pembezoni, na huku kaskazini Chongoleani panajengwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda. Mgonjwa wa kisukari mwenye miadi ya asubuhi Bombo haendi kwa baiskeli kutoka Tongoni. Tumeitwa jiji tangu mwaka 2005, tunalipa kodi na ushuru wa jiji, basi na usafiri upangwe kwa kipimo hicho.

Msafiri wa mikoani naye anaumia. Stendi kuu ipo Kange, kwenye barabara ya kwenda Segera, na kwa mtu wa huku kwetu maana yake ni kuingia kwanza mjini kisha kutoka tena upande wa pili. Kwa mpangilio huu wa sasa anabadilisha gari njiani na mjini akiwa na mizigo na watoto, na akikosa basi la alfajiri, tiketi yake imepotea.

Hatuombi mambo makubwa. Hakuna anayeomba mabasi yaendayo haraka kama yale yaliyoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, maana hata huko, pamoja na njia ya pekee ya kilomita 20.9 katika awamu ya kwanza, abiria wamesimama kwenye foleni ndefu kwa sababu ya uchache wa mabasi. Njia nzuri bila usimamizi haimfikishi mtu kazini. Sisi tunataka ruti yetu irudishwe hadi Ngamiani na Bombo kama ilivyokuwa, au tuelezwe kwa maandishi, kwa tarehe, ni lini itarudishwa. Iwapo kuna kipande ambacho bado hakipitiki, basi abiria alipe nauli moja kwa safari nzima, na wenye magari ya vipande viwili wagawane wenyewe kwa utaratibu watakaopangiwa. Kila kituo kibandikwe karatasi inayoonyesha ruti inaanzia wapi, inaishia wapi na nauli yake ni kiasi gani kwa mtu mzima na kwa mwanafunzi, ili ubishi na konda umalizwe kwa kidole. Safari ya kwanza ya alfajiri na ya mwisho ya usiku ziwe sharti la leseni, zipangwe kwa zamu baina ya magari, na gari lenye zamu liondoke kwa saa hata kama halijajaa. Hasara ya safari hizo mbili igawanywe kwa wote wanaofaidi ruti hiyo mchana, badala ya kubebeshwa bibi mwenye kapu. Na jioni, kuanzia magharibi hadi saa tatu usiku, awepo msimamizi pale magari yanapogeuzia, si mjini ambako kila dereva ni mwema.

Mabadiliko mengine yoyote yatangulie kupita kwa wenyeviti wa mitaa. Wao wanatufahamu, wana vikao, na tangazo likisomwa msikitini na kanisani baada ya ibada litafika kila nyumba kabla ya wiki kwisha. Kuhamisha kituo usiku na kuwaachia makonda kazi ya kutangaza ni kutudharau.

Sasa naomba tufanye kazi. Nimeanza kuandaa barua kwa mamlaka inayotoa leseni na nakala kwa madiwani wa kata zetu, na pia kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo liliundwa kwa sheria ili kuwasemea abiria. Barua ya mtu mmoja itawekwa kwenye jalada na kusahauliwa. Kila aliyeshushwa njiani, aliyetozwa mara mbili au ambaye mtoto wake amezuiwa mlangoni aandike hapa chini tarehe, saa, namba ya usajili ya gari, mahali alipopandia, mahali aliposhushwa na kiasi alicholipa. Msiandike majina ya madereva wala makonda, na msiweke picha zao, kwa kuwa tunachotaka kubadilisha ni mpangilio. Mwenye tiketi aitunze, na asiyepewa tiketi aseme hivyo. Walio tayari kutia saini waniandikie kwa faragha wakitaja mtaa wao, na nikishakusanya taarifa hizi nitaibandika rasimu ya barua papa hapa, muisome na kuisahihisha kabla haijapelekwa.