Wathibiti ubora wanapima usalama wa mtoto au wanapima mafaili?

ngosha_wa_igoma: Wadau, shule anayosoma mwanangu ilitembelewa na wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule wa serikali. Kikao cha wazazi tukasomewa: usalama, vizuri. Kisa? Uzio upo, daftari la wageni lipo, jina la mwalimu wa malezi limebandikwa ukutani. Nikamuuliza dogo kama kuna mgeni aliyemuuliza anaogopa nini pale shuleni. Kacheka tu. Sasa hiyo "vizuri" imetoka wapi?

mama_wawili: Wengine wanaulizwa, ila mwalimu kasimama mlangoni. Mtoto atasema nini hapo?

chaki_mkononi: Mimi ni mwalimu. Mnaongea kama vile wale watu wanakuja kunywa soda. Wanaangalia vyoo, maji, kitabu cha adhabu, kila kitu. Nyie wazazi ndio mnaleta watoto mishikaki, wanne boda moja, halafu mkifika getini usalama unakuwa kazi ya shule.

mama_wawili: Mishikaki umemlenga nani, ticha? Mimi natoka Buhongwa kila siku, nauli yangu unalipa wewe?

chaki_mkononi: Nimerusha jiwe gizani. Yowe nimelisikia.

mama_wawili: Haya, hicho kitabu cha adhabu kina viboko vyako vyote, au vile vya mstarini asubuhi havihesabiwi?

sato_wa_foili: Kisheria mwisho viboko sita, msibishane.

ngosha_wa_igoma: Vinne mkuu, kanuni za 2002. Na anachapa mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, kisha inaandikwa. Ila mada yangu ilikuwa…

pantoni_kigongo: Fimbo na boda mtamaliza mwaka. Mimi naogopa bweni. Kyerwa 2020 watoto 10 waliteketea usiku. 2023 serikali ikazuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, sawa, na wa la tano je? Mthibiti anakuja saa nne asubuhi, vitanda vimetandikwa. Nani anajaribu kama mlango wa pili unafunguka saa nane usiku?

chaki_mkononi: Hilo nakubali. Lakini mama_wawili ajibu la mishikaki.

mama_wawili: Nitajibu ukishanieleza ile Noah ya shule inayoshusha watoto kama dagaa. Au ile siyo mishikaki kwa kuwa ina milango?

chaki_mkononi: Noah ina mikanda.

sato_wa_foili: Mkanda ninaouona mimi ni wa dereva, na anaufunga akiona trafiki Nyakato.