Kikundi cha Ukoo wa Mzee Kombo: Mabinti wa Iceland

Ijumaa, 11 Julai 2025

Mjomba Hamza (saa 3:40 asubuhi): Assalaam alaikum ukoo. Jana nilikesha hadi karibu saa sita usiku kwa kuwa Salma alituhimiza tuitazame timu ya soka ya wanawake ya Iceland, nchi anayoishi, nami nimeambulia usingizi wa mang'amung'amu. Wamefungwa na Norwei 4-3, baada ya kufungwa na Ufini 1-0 na Uswisi 2-0. Mechi tatu za Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya, alama sifuri. Naomba nielezwe kwa utaratibu tuliitiwa nini.

Shangazi Mwanaidi (saa 3:52): Waalaikum salaam kaka. Mimi nilizima televisheni matokeo yakiwa 4-1, zikiwa zimebaki kama dakika kumi, nikasema hawa wamekwisha. Asubuhi hii Idi ananiambia waliongeza mawili, la mwisho likiwa la penalti ya nahodha katika dakika za nyongeza. Ningejua ningevumilia.

Mjomba Hamza (saa 3:58): Halafu nilidhani ni wale wa jirani na Uingereza, kumbe hao ni Ireland. Nusu ya kwanza nzima nilikuwa nashangilia nchi nyingine.

Salma (saa 4:17): Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Samahani kwa kuchelewa, huku Reykjavik ndiyo kwanza saa moja na dakika kumi na saba asubuhi. Kushindwa sikutetei, na mfanyakazi mwenzangu hapa amekasirika kuliko nyinyi, lakini naomba tukumbuke kwamba nchi hii ina watu wasiofika 400,000, na hata hivyo hii ni Euro yao ya tano mfululizo tangu ile ya 2009 iliyochezwa Ufini. Tena hao Ireland uliowashangilia, mjomba, ndio waliotolewa ili Iceland ifike huko. Ilikuwa Oktoba 2008, mwezi uleule mabenki ya hapa yalipoanguka. Walitoka sare 1-1 Dublin, kisha wakashinda 3-0 hapa nyumbani kwenye uwanja ulioganda barafu. Wanaume wao hawakufika Euro hadi 2016, kwa hiyo njia hiyo ilifunguliwa na wanawake.

Mjomba Hamza (saa 4:25): Marahaba mwanangu. Kufika ni jambo moja, kufanya kitu baada ya kufika ni jambo jingine.

Salma (saa 4:41): Hapo umenena, na ndipo lawama yangu ilipo. Mwaka 2013 waliingia robo fainali wakafungwa 4-0 na wenyeji Sweden, na tangu hapo hawajavuka kundi. Mwaka 2022 kule Uingereza walitoka sare ya 1-1 katika mechi zote tatu, dhidi ya Ubelgiji, Italia na Ufaransa, wakarudi nyumbani bila kufungwa mechi hata moja. Lakini kidonda chenyewe ni cha Septemba mwaka huohuo. Walikwenda Utrecht kucheza na Uholanzi wakihitaji sare tu ili waende Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Wakakaa nyuma, mlinda mlango Sandra Sigurðardóttir akapangua mashuti mpaka dakika tisini zikatimia, na katika dakika ya 93 Esmee Brugts akafunga. Kisha wakaenda kwenye mchujo wakafungwa na Ureno 4-1 baada ya muda wa ziada. Wengi watakuambia tatizo ni udogo wa nchi, ila mimi naona ni ile tabia ya kulinda kidogo walichonacho badala ya kukitafuta kingine. Jana walianza kufunga mfululizo pale tu walipokuwa hawana tena cha kulinda.

Shangazi Mwanaidi (saa 4:50): Kwani hawajawahi kushambulia timu kubwa?

Salma (saa 5:02): Wamewahi, shangazi, na kesho inatimia mwaka mmoja kamili. Tarehe 12 Julai 2024 nilikuwepo uwanjani Laugardalsvöllur, nimevaa koti zito mwezi wa Julai, walipowafunga Ujerumani 3-0 na kujipatia tiketi ya Euro hii. La kwanza alifunga beki Ingibjörg Sigurðardóttir kwa kichwa, la pili Alexandra Jóhannsdóttir, la tatu Sveindís Jane Jónsdóttir. Ujerumani hao hao wiki chache baadaye walitwaa medali ya shaba ya Olimpiki ya Paris. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu hakupiga kelele hata kidogo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Idi (saa 5:10): Shikamooni wote. Dada Salma, huyo Sveindís ndiye yule anayerusha mpira kama kona? Jana kila mpira ulipotoka karibu na boksi, mabeki warefu walikuwa wanapanda mbele.

Salma (saa 5:21): Ndiye. Mama yake anatoka Ghana, baba ni wa hapa, naye amekulia Keflavík, karibu na uwanja wa ndege. Huukausha mpira kwa jezi, hurudi hatua chache, kisha huurusha ukashuka mbele ya lango. Mji wao ndio uliopata ukumbi wa kwanza wa ndani wenye uwanja kamili wa mpira, mwaka 2000, na sasa kumbi za namna hiyo zimeenea. Januari huku jua linachomoza karibu saa tano asubuhi na kuzama mapema alasiri, hivyo bila kumbi hizo watoto wangecheza miezi michache tu kwa mwaka.

Shangazi Mwanaidi (saa 5:30): Jambo moja limenishangaza. Majina yote yanaishia vilevile. Ni ukoo mmoja?

Salma (saa 5:36): Hapana, shangazi. Dóttir ni binti. Jónsdóttir ni binti wa Jón, na nahodha Glódís Perla Viggósdóttir ni binti wa Viggó. Ni kama cheti chako cha zamani kilivyoandikwa Mwanaidi binti Kombo. Wengi hapa hawana jina la ukoo kabisa.

Shangazi Mwanaidi (saa 5:38): Basi hawa ni watu wa pwani.

Mjomba Hamza (saa 5:44): Mmenilainisha kidogo, ingawa mabao manne ni mengi kwa timu inayopenda kulinda.

Idi (saa 5:50): Mjomba, jioni wasichana wangu wana mazoezi, nami nataka kupima nani anaurusha mpira mbali zaidi. Naomba ile futi yako ndefu.

Mjomba Hamza (saa 5:53): Ipo nyuma ya mlango wa stoo. Ifutwe mchanga, na irudi kabla ya Magharibi.