Umewahi kumlipia mtu kozi ya kuchonga mbao msituni kama zawadi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi (Birmingham)
Wakuu, habari zenu. Mzee wangu kastaafu udereva wa mabasi, yuko kwangu hapa Uingereza hadi Septemba. Koti analo, simu anayo, na ukimpa hela kesho yake anazituma nyumbani. Huku kuna mafundi wanaofundisha msituni kwenyewe: kuchonga vijiko, kuunda vigoda, kusuka uzio wa fito. Unalipia, unapewa vocha, mhusika anakwenda. Mliowahi kufanya hivyo, mlichaguaje? Sitaki vocha iishie kwenye droo.

Mama Wawili
Mimi nilimlipia mume wangu, hapa hapa Uingereza. Nilitaka kigoda cha siku tatu kwa sababu ya picha zake, lakini fundi mwenyewe kwenye simu akanishusha: ambaye hajawahi kushika shoka dogo aanze na kitu atakachokimaliza jioni. Nikachukua kijiko.

Wanatumia mti mbichi, uliokatwa karibuni. Ukiwa bado na maji ndani unachongeka kirahisi, hauhitaji mashine wala umeme. Asubuhi wanapasua gogo na kutoa umbo kwa shoka, mchana ni kisu. Jasho linatoka wakati wa kuchimba shimo la kijiko, kwa kile kisu kilichopinda. Mume wangu alikirudisha kikiwa bado kibichi, tukakiweka kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake kikauke polepole. Mwenzake wa benchi alikianika juu ya hita, kikapasuka. Hilo mwambie mzee mapema.

Uliza pia fundi mmoja anachukua wanafunzi wangapi. Wakizidi sita hivi, mtu anakaa tu kusubiri zamu ya kuonyeshwa.

Shoto
Mzee anatumia mkono gani? Visu vilivyopinda vina vya kulia na vya kushoto. Mke wangu alinilipia kozi (jina silitaji), nikakuta vya kulia vitupu. Wenzangu wanavuta, mimi nasukuma, siku nzima. Uliza kabla hujalipa.

Fundi wa Mwenge
Huku Dar mambo ya vocha hatuna. Ila kuna dada alimleta mdogo wake akae nasi kibandani hapa Mwenge, analipa kwa siku, ndiyo zawadi yake ya kumaliza chuo. Kijana kafika anataka mpingo. Nikamkatalia. Mpingo ukiutupa majini unazama, patasi ya mwanafunzi inateleza tu juu yake, na kipande kizuri ni hela. Nikampa mwembe. Akaanza kwa tezo, akamalizia kwa tupa na msasa, akaondoka na bakuli la karanga lililokaa upande. Mama yake kaliweka sebuleni! Usichague kozi kwa sifa za mti, mkuu. Chagua kwa mkono wa mtu.

Mkamba
Kwetu Wamunyu, huku Ukambani Kenya, uchongaji uliletwa na Mutisya Munge, aliyeujifunza upande wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengine waliupata kwa kukaa karibu na anayejua, cheti hakuna. Sasa nikuulize: mzee wako anapenda kazi au anapenda watu? Babangu tulimlipia mafunzo ya peke yake na mwalimu, ghali kweli, na akaboeka. Alitaka watu wa kupiga nao stori.

Mwanzisha uzi
Huyu wangu ni wa stori haswa, kazungumza na abiria maisha yake yote. Basi nimchukulie kozi ya kundi. Anatumia mkono wa kulia.

Nesi Leeds
Magoti yake je? Ukiona kozi ina kerezo (kifaa cha kuzungusha mti ukiuchonga) la kukanyaga kwa mguu, huo mguu unafanya kazi mfululizo. Kijiko unakichonga umekaa. Uliza choo kiko umbali gani, maana msituni mara nyingi ni cha shimo. Chakula hupikwa motoni, kwa hiyo taja mapema kama hali nguruwe au ana sukari. Na tarehe usimpangie wewe. Mpe mbili tatu kabla ya Septemba achague.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Akitaka kuendelea akirudi Morogoro, anunue nini?

Shoto
Kisu kimoja cha kawaida cha kuchongea na kimoja kilichopinda. Mora wa Uswidi wanatengeneza vya bei nafuu, vilivyopinda vipo vya kulia na vya kushoto. Shoka atapata huko. Lakini hapa Uingereza asitembee na hivyo visu mfukoni bila sababu ya msingi, polisi hawana mchezo. Siku ya kozi viwe vimefungwa ndani ya begi, na kwenye ndege viingie mzigo wa chini.